Isale la Baba Mdogo

Kama kuna mtu aliyemfundisha Elinipendo siasa, si mwalimu wa uraia. Mwalimu wa uraia alimfundisha kuandika neno demokrasia bila kukosea, akampa na alama nzuri. Aliyemwonyesha kitu chenyewe ni baba yake mdogo, Filemon.

Katika kijiji chao, kwenye mteremko juu ya Kwa Sadala, maji ya mashamba hutoka kwenye mfongo, mfereji waliouchimba mababu kutoka mtoni kule msituni na kuushusha kihamba kwa kihamba, yaani shamba la urithi la kila nyumba. Kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia. Mfongo una mwenyekiti, una kamati, una mikutano isiyoisha, na tangu enzi na enzi mambo hayo yalikuwa ya wanaume peke yao. Mwanamke alilima, alimwagilia, alibeba mkungu wa ndizi kichwani hadi sokoni, lakini mkutanoni alikaa nyuma akimbembeleza mtoto. Hata kwenye banio, pale mfongo unapoanzia mtoni, hakutakiwa kukanyaga. Walisema maji yatakasirika. Maji yenyewe hayakuwahi kuulizwa.

Filemon alipochaguliwa kuwa mwenyekiti alisimama akasema upuuzi huo sasa basi. Wazee wakafura, wengine wakatishia kususa. Filemon akawauliza, "Hilda, mjane wa kaka yangu, anamwagilia kihamba peke yake tangu tumzike mumewe. Akikosa maji, nani kati yenu atalala njaa kwa niaba yake?"

Siku hiyo wanawake wa mfongo walipiga kura kwa mara ya kwanza, na Elinipendo, mtoto wa darasa la nne, alikuwa amejibana ubavuni mwa mama yake Hilda. Aliuona mkono wa mama ukipanda nusunusu, kwa aibu, kama wa mtu anayejikuna kisogo.

Jioni Filemon alimwita mtoto uani. "Mpendo, wewe ukifika miaka kumi na nane usinyooshe kama mama yako. Nyoosha kiwiko. Mkono upande mpaka anayehesabu akose kisingizio." Akamfanyisha mazoezi palepale mbele ya banda la ng'ombe, juu, chini, juu, mpaka Hilda mwenyewe akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kumeadimika nyumbani mle.

Tangu hapo binti akawa kivuli cha baba yake mdogo. Alipakiwa kwenye pikipiki hadi Bomang'ombe kumsikiliza Filemon akibishana na wakubwa wa wilaya. Alijifunza kwamba kiongozi ni mtu anayesema ukweli hata kama wenye vyeo watanuna. Wenzake shuleni walisema siasa ni uongo mtupu, na yeye akawahurumia, maana wao hawakuwa na mtu kama huyo nyumbani.

Sasa alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kikali na maji ya mfongo yakapungua mpaka ikawa aibu. Siku ya zamu ya Hilda yalikatika hata kabla hayajafika kwenye maharage. Kamati ikaufuata mfongo kwenda juu ikikagua, na kabla ya kufika kwenye banio ikakuta ukingo umebomoka kwenye kihamba cha Mzee Eliona, udongo bado mbichi.

Mzee Eliona alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alisema ukingo umevunjwa na ng'ombe aliyekata kamba. Nani alimsikiliza? Filemon alitangaza kwamba mwizi wa maji amepatikana. Kamati ikamtoza mbuzi na pombe ya mbege ya kuwatosha wanakamati wote, ikamfutia na zamu mpaka mvua zirudi. Migomba yake ikaanza kunyauka kila mtu akitazama. Na Elinipendo, msomi wetu, mpenda haki, alipishana na mzee huyo njiani akageuza uso asimwamkie.

Mzee hakunyamaza. Alikwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba mkutano wa watumia maji wote. Filemon aliposikia alicheka, akasema mbele ya watu, "Uitwe. Ikionekana nimemwonea, mniondoe kwenye kiti hiki siku hiyohiyo." Watu wakampigia makofi. Wengi walikuwa wanamwona kama diwani tayari, na yeye mwenyewe hakuwa anakataa.

Siku moja kabla ya mkutano, asubuhi, Elinipendo alipanda kukata majani ya ng'ombe. Majani yalikuwa adimu, kwa hiyo alipanda, akazidi kupanda, mpaka akakaribia msitu. Alisikia sauti za watu upande wa banio. Akasogea, mzigo kichwani, akachungulia katikati ya miti.

Bomba jeusi, nene kuliko paja lake, lilikuwa limepenyezwa kwenye ukuta wa banio, simenti yake bado haijapauka. Lilishuka kuelekea hoteli mpya ya wageni wa mlimani, ile yenye bwawa la kuogelea ambalo vijana wa kijiji huenda kulipiga picha kwa mbali. Vibarua walikuwa wanalifukia. Aliyekuwa anawaelekeza alivaa koti analolijua na buti anazozijua.

"Majani yawe mengi juu," Filemon alikuwa akisema. "Kamati ikipita isione kitu."

Mzigo ulimponyoka Elinipendo. Filemon akageuka. Vibarua wakaacha majembe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umefika saa ngapi hapa?"

"Hilo bomba lina muda gani?"

Filemon akaja karibu, akamshika bega, akampeleka pembeni. "Tangu kabla ya kiangazi. Ni dogo tu, Mpendo, na ni la muda. Mwenye hoteli ana watu huko wilayani. Nikishapata udiwani, kijiji kizima kitaletewa maji ya bomba mpaka jikoni. Siasa ndivyo ilivyo, unatoa kidogo upate kikubwa. Nani alijua kiangazi kitakuwa kibaya namna hii?"

"Na babu Eliona?"

"Nitamwangalia. Mambo yakitulia nitamwangalia."

"Kwa hiyo unajua hakuiba."

Filemon alitazama buti zake. Angemtukana ingekuwa nafuu, angemzaba hata kofi. Ukimya ule ulimuumiza Elinipendo kuliko kitu chochote alichowahi kufanyiwa.

"Kesho ni mkutano," Filemon alisema mwishowe. "Wewe ni damu yangu. Usilisahau hilo."

Alishuka bila majani. Mchana kutwa ng'ombe alilia bandani na yeye akajitia hamnazo, anafagia palipokwisha kufagiwa. Akisema, Filemon ameanguka na ukoo umepasuka katikati, na mama yake atabaki bila mtu wa kumsemea. Asiposema, Mzee Eliona atazikwa na jina la mwizi. Kila alipolipima hili, lile lilizidi uzito.

Jioni, Hilda alipokuwa anakoroga mtori, Filemon aliingia uani. Alikuwa amevaa suti ya kanisani. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo.

Mwiko ulimdondoka Hilda. Isale si kitu cha mchezo kwa watu wa mlimani. Ndilo jani la mipaka ya vihamba, ndilo jani la makaburi ya wazee, na ndilo jani la msamaha. Aliyekosa hulishika kwa mikono miwili akalipeleka kwa aliyekosewa, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa ndugu. Watu wameabudu kanisani miaka na miaka na bado hakuna mchungaji aliyeweza kulipunguzia isale heshima yake, na wengi wao hawajajaribu.

Filemon alimpita Hilda, akasimama mbele ya Elinipendo, akapiga goti moja. Mwanamume mzima, mwenyekiti, mbele ya binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha baiskeli.

"Mpendo," alisema, "kama kuna lolote nililokukwaza, nisamehe."

Elinipendo alibaki ameduwaa, mikono imening'inia.

"Pokea!" Hilda alinong'ona. "Mae, mwanangu, pokea! Isale haliachwi mkononi mwa mtu!"

Akalipokea. Angefanyaje? Filemon akainuka, akapangusa goti, rangi ikamrudia usoni. Akaomba bakuli la mtori, akala, akamtania Hilda kwamba chumvi imeadimika kuliko maji. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Basi yameisha," alisema kwa upole. "Aliyepokea isale halirudii tena jambo lile kinywani. Hata wewe unajua."

Hapo ndipo Elinipendo alipoelewa kwamba jani alilolishika lilikuwa kufuli. Damu ilimchemka. Alimweleza mama yake kila kitu, bomba, simenti, vibarua, na maneno ya Filemon mwenyewe.

Hilda alisikiliza huku anakwangua sufuria isiyokuwa na kitu. "Umeshapokea," alisema. "Ukisema kesho, umelitupa isale. Ukoo utatutenga. Mimi nilipokuwa si mtu, nani alinitetea? Si yeye?"

"Alikutetea ili uweze kusema, mama."

"Alinitetea nikapata maji! Wewe hukuwa unashinda na njaa ile, nilikuwa nakupa yangu." Sauti ilimkatika. "Usinifundishe deni langu."

Ng'ombe alilia tena. Elinipendo aligeuza lile jani mkononi, akalitazama fundo lake.

"Mama, mtu akileta isale, si anataja kosa alilofanya?"

"Anataja. Hata baba yako, Mungu amrehemu, aliponikosea alitaja, tena mbele ya mama mkwe."

"Baba mdogo ametaja nini?"

Hilda aliweka sufuria chini. Akachukua ndoo akaenda kumpa ng'ombe maji machafu ya kuoshea vyombo, na hakurudi mpaka Elinipendo alipoingia kulala.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Watu walijaa, wengine wamekaa juu ya madumu yao matupu. Mtendaji, Thadeus, alikuwa kijana kutoka Mkuu huko Rombo, na kwa kuwa watu wa pale hudai Kichagga cha Rombo hakieleweki, na yeye hudai chao ndicho kisichoeleweka, mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Mzee Eliona alisimama peke yake pembeni, kofia mkononi. Hakuna aliyetaka kuonekana amesimama karibu naye.

Filemon alizungumza, na alijua kuzungumza. Alieleza kiangazi, alieleza theluji ya mlimani inavyopungua, alieleza ukingo uliobomolewa. Alisema haki ikimwonea huruma mwizi mmoja, wanaokufa kiu ni wote. Watu walitikisa vichwa kukubali. Elinipendo alizisikiliza sentensi zile nzuri akazitambua moja moja, alilelewa nazo. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba sauti ilikuwa ileile ya siku wanawake walipopewa kura, hata kikohozi cha katikati kilikuwa kilekile.

"Kuna mwenye ushahidi wowote?" aliuliza Thadeus. "Kama hakuna tufunge."

Elinipendo alikusanya kitenge chake ainuke. Hilda, aliyekaa karibu yake, alimshika upindo wa kitenge akauvuta kwa nguvu. Elinipendo akasimama. Upindo ukamponyoka mama.

Alikuwa ameshika isale. Lilipoonekana, minong'ono ilizimika uwanja mzima. Filemon, aliyekuwa anakunywa maji ya chupa, aliishusha chupa polepole.

"Jana baba mdogo aliniletea isale hili," Elinipendo alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akaanza upya. "Aliniletea nikalipokea, kwa hiyo mambo yangu na yake yameisha, wala siyarudii. Ila nimejiuliza mimi amenikosea nini. Hajaninyima zamu. Hajaniita mwizi. Hajala mbuzi wangu. Nikaona jani hili limepotea njia."

"Kaa chini, mtoto!" alifoka Jacob, mweka hazina wa kamati. "Mambo ya ukoo yamalizeni kwenu!"

"Namalizia." Akatembea mpaka mbele. Hatua zile zilikuwa ndefu kuliko mlima wote. Akamnyooshea Filemon isale kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa. "Baba mdogo, nyumba ya babu Eliona ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Mpelekee. Na umtajie."

Filemon alilipokea kwa mazoea tu, kama mtu anavyopokea kitu akipewa. Alipogundua alichokishika, alikuwa ameshakishika. Watu wote walimwona. Angeweza kusema binti ana wazimu, angeweza kusema anatumiwa, na wangalimwamini. Lakini mtu wa mlimani kusema uongo isale likiwa kiganjani mwake ni jambo lingine, na Filemon, pamoja na simenti yake na ahadi zake za udiwani, bado alikuwa mtu wa mlimani. Jasho lilimtoka.

Kisha akatembea. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya Mzee Eliona na magoti yote mawili yakafika chini.

"Hukuiba," alisema. "Maji nimeyatoa mimi. Kuna bomba kwenye banio, linakwenda hotelini. Ukingo wako ulivunjwa na ng'ombe, na nilijua. Nilihitaji mtu wa kulaumiwa, nikakuona wewe mpole."

Uwanja ulilipuka. Wanawake walishika vichwa, vijana walianza kutukana. Mzee Eliona alingoja kelele zipungue. Alivaa kofia yake kwanza, akaiweka sawa, ndipo akapokea jani.

"Nimekusamehe, Filemon," alisema, akamshika mkono akamwinua.

Wengine walilia waziwazi. Na hapo hapo, maana watu ni watu, wakaanza kusimama kukung'uta nguo waondoke. Jacob akapaza sauti, "Ameomba radhi, amesamehewa, isale limepokelewa! Mtendaji, funga mkutano! Mwenyekiti wetu ameonyesha ukubwa!" Makofi yakaanza upande mmoja.

Elinipendo alitaka kukaa. Moyo wake wote ulitaka iishie pale, baba mdogo amekiri, mzee amesafishwa, watu warudi nyumbani kula. Alitamani kumkimbilia Filemon amkumbatie. Lakini bomba lilikuwa bado liko kule juu linanyonya, na kiti kilikuwa bado ni chake.

"Alisema mwenyewe," aliita. "Alisema ikionekana amemwonea, aondolewe siku hiyohiyo. Tulimpigia makofi!"

"Amesamehewa!" walijibu watu.

"Nimemsamehe mimi," alisema Mzee Eliona, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Mimi nimemsamehe langu. Maji si yangu peke yangu."

Thadeus alijifuta uso, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwokoa, akamkosa. Basi akauliza: wanaotaka mwenyekiti aondolewe wanyooshe mikono.

Mikono ilipanda mmoja mmoja, kwa kusitasita, mingine ikishuka ilipokutana na macho ya Filemon. Hilda alikunja mikono yake ndani ya kitenge akakazia macho chini. Wa Elinipendo ulipanda. Thadeus alihesabu, akahesabu na upande wa pili, akakunja uso, akasema kura zimekaribiana mno, atarudia.

"Huyo asihesabiwe!" Jacob alimsonta Elinipendo. "Juzi tu alikuwa na sare za shule! Hana umri wa kupiga kura kwenye mfongo!"

"Una kitambulisho?" Thadeus alimuuliza.

Hakuwa nacho. Uwanja mzima ulimgeukia, na mkono, ambao ulikuwa bado juu, ulianza kulegea. Alimtazama mama yake. Hilda hakuinua uso.

"Ametimiza kumi na nane mwezi wa tatu."

Ilikuwa sauti ya Filemon. Alikuwa amesimama palepale alipoinuliwa na Mzee Eliona, vumbi likiwa magotini mwa suti ya kanisani.

"Mimi ndiye niliyempeleka kubatizwa," alisema. "Mhesabu."

Kisha, bila kumtazama, akaongeza kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia:

"Nyoosha kiwiko, Mpendo."

Akanyoosha. Thadeus akahesabu upya, akaanza na mkono wa binti. Filemon akaondolewa kwenye kiti, na Elinipendo akalia mbele za watu wote, mkono ukiwa bado juu.